Sinema Inayojionyesha: Mkasi u Mkononi mwa Nani?

Ndugu msomaji, pengine umepata kuliona jambo hili kwa macho yako. Gari lafika kijijini. Washuka watu watatu au wanne. Mmoja ana mtambo wa picha begani, mwingine ameshika fimbo ndefu yenye kinasa sauti nchani, wa tatu ni mkalimani kutoka mjini. Watoto wakimbilia kutazama. Kazi yaanza. Mama mmoja aambiwa akae mlangoni pa nyumba yake, kisha ainuke, kisha akae tena, kwa maana mara ya kwanza jua halikuwa zuri. Aulizwa maswali, ajibu. Saa mbili zikipita gari laondoka, vumbi latua, na mama arudi kwenye kakao yake iliyoanikwa uani. Baada ya mwaka mmoja, watu wa mji wa mbali wamekaa gizani wakimtazama mama huyo. Wamwona peke yake mlangoni pake, kana kwamba hakuna aliyemwambia kaa wala simama. Gari halionekani. Mkalimani haonekani. Mwenye mtambo haonekani.

Sisi wa Mabalako twaijua habari hii. Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ilipotangaza ugonjwa wa Ebola katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, mahali palipotajwa kwanza ni Mangina, katika eneo letu la afya, kilometa kama 30 kutoka mji wa Beni. Kabla ya siku ile ni watu wachache wa ng'ambo waliopata kulisikia jina hilo. Majuma machache baadaye lilikuwa katika magazeti ya dunia nzima. Pamoja na madaktari walikuja wapiga picha. Ugonjwa ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Sisemi kwamba picha za siku zile hazikuleta faida. Huenda zilileta fedha na dawa. Nasema tu kwamba zilipigwa kwetu zikatazamwa kwingine, na wengi wa waliopigwa hawajaziona hata leo.

Basi, iko namna moja ya sinema iliyokataa uficho huo. Sinema ya mambo ya kweli, yaani ile isiyochezwa na wachezaji wa hadithi, kwa desturi humficha mpiga picha. Lakini namna hii ninayoitaja humtoa nje. Waona mtambo, wasikia sauti ya anayeuliza, wamwona akikosea njia, akikataliwa, akibishana na mkalimani wake. Twaweza kuiita sinema inayojionyesha, kwa kuwa inaonyesha watu na papo hapo yajionyesha yenyewe. Wataalamu wengi huisifu wakisema: hii ndiyo iliyo mwaminifu. Mimi nakubali nusu ya neno hilo. Nusu ya pili nataka kuipima hapa, hasa kwa sinema zilizopigwa katika jimbo letu hili hili, pale Kanyabayonga na pale Goma. Na neno langu ni hili: kujionyesha ni mwanzo wa uaminifu, si mwisho wake. Swali kubwa si "Je, mtambo waonekana?" Swali kubwa ni "Mkasi u mkononi mwa nani?"

MKASI NI NINI?

Huenda msomaji atauliza: mkasi wa nini? Nieleze. Mpiga sinema hupiga picha nyingi kuliko zile tuzionazo. Akikaa miezi kadhaa katika nchi, atarudi kwao na makumi ya saa za picha. Lakini sinema yenyewe itakuwa ya saa moja au moja na nusu. Nani achagua hiyo saa moja? Nani atupa zile nyingine? Nani aamua kwamba machozi ya mama yatafuata mara baada ya mlio wa bunduki, ingawa siku ile alilia kwa sababu nyingine? Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mkasi hasa, na kwa gundi. Siku hizi yafanywa kwa kompyuta. Lakini jina la mkasi latufaa, kwa kuwa latukumbusha kwamba kila sinema imekatwa, na kwamba kila mkasi una mkono.

Mrusi mmoja, Dziga Vertov, alilijua jambo hili zamani. Mwaka 1929 alitoa sinema juu ya mtu mwenye mtambo wa picha. Ndani yake twamwona mpiga picha mwenyewe, Mikhail Kaufman, aliyekuwa ndugu wa Vertov, akipanda huku na huku na mtambo wake. Twaona watu wakiingia katika nyumba ya sinema na kuketi. Na zaidi ya yote twamwona Elizaveta Svilova, mke wa Vertov, ameketi mezani na vipande vya picha, achagua, akata, aunganisha. Farasi aliyekuwa akikimbia asimama ghafula, kwa kuwa picha imekuwa kipande kitulivu mkononi mwa mama yule. Mtazamaji ashtuka, aelewa: kumbe niliyokuwa nikiyaona yametengenezwa!

Hilo lilikuwa fundisho zuri. Lakini angalia: watu wa mitaani waliopigwa picha na Vertov hawakuulizwa neno. Walionyeshwa, na mtambo ulionyeshwa, na mkasi ulionyeshwa. Hata hivyo mkasi ulibaki mezani pa mwenyewe.

WAWINDAJI WA VIBOKO

Sasa nisimulie habari ya Mfaransa Jean Rouch, ambaye alifanya kazi miaka mingi katika nchi ya Niger. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alipiga sinema ya wawindaji wa viboko katika mto mkubwa wa nchi ile. Baadaye alifanya jambo ambalo wenzake hawakuwa na desturi ya kulifanya: aliirudisha sinema kwa wenyewe, katika kijiji cha Ayorou. Wakatundika shuka jeupe ukutani, wakangoja usiku, mtambo ukawashwa. Watu waliwaona ndugu zao waliokwisha kufa, wakalia. Kisha wakaanza kazi ya kuihukumu sinema.

Neno lao kubwa lilikuwa juu ya muziki. Rouch alikuwa ametia muziki mahali pa uwindaji, tena muziki wa wawindaji wenyewe, apate kuwatia watazamaji moyo. Wawindaji wakamwambia kwamba hilo haliwezekani. Mwindaji wa kiboko hana budi kunyamaza. Kiboko akisikia muziki atakimbia! Rouch akasikia, akauondoa muziki ule.

Ndugu msomaji, jambo hilo laonekana dogo, lakini kwangu lapita mambo mengi makubwa. Mtaalamu wa Paris alisahihishwa na wavuvi na wawindaji, akakubali. Wala haikumlazimu kuonyesha uso wake kwenye picha. Hakuhitaji kusema, "Tazameni jinsi ninavyojiuliza." Alichofanya ni kuwaachia wenye kupigwa picha washike mkasi kwa dakika chache. Na kwa dakika hizo chache sinema ikawa ya kweli zaidi.

Miaka michache baadaye, mwaka 1958, Rouch alitoa sinema nyingine, iitwayo Moi, un noir, juu ya vijana wa Niger waliokwenda kutafuta kazi mjini Abidjan. Alimwita mmoja wao, Oumarou Ganda, atazame picha zake mwenyewe na kuzisemea kwa maneno yake. Ganda hakuishia hapo. Kabla ya mwaka 1970 alikuwa ametoa sinema yake mwenyewe, Cabascabo, akawa mmoja wa watengenezaji sinema wa kwanza wa nchi yake. Aliyekuwa mbele ya mtambo alihamia nyuma yake.

Wala tusimfanye Rouch kuwa mtu asiye na kosa. Mwaka 1965 Ousmane Sembène wa Senegal alimwambia uso kwa uso kwamba yeye na wenzake huwatazama Waafrika kama watu wanaotazama wadudu. Neno kali! Lakini latufaa. Latuonya kwamba hata mgeni mwenye nia njema hana budi kuhukumiwa na wale aliowapiga picha.

TUSIMNYOSHEE KIDOLE MGENI WA LEO TU

Yafaa tukumbuke pia ya kwetu. Katika Kongo ya Wabelgiji mapadre nao walikuwa wapiga sinema. Padre Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alitengeneza kule Kasai sinema za kuchekesha za Matamata na Pilipili, mmoja mnene na mwingine mwembamba, na watu wa miaka ya 1950 walizicheka sana. Zilikuwa na jambo moja jema: zilitengenezwa zionyeshwe papa hapa, kwa Wakongo. Lakini Matamata na Pilipili walicheza mambo waliyopangiwa, na mara nyingi kicheko kiliwaangukia Wakongo wenyewe, jinsi wasivyojua desturi za mjini. Aliyepanga kicheko hakuonekana. Nasema haya ili mtu asidhani kwamba uficho wa mtambo umeletwa na watu wa televisheni peke yao.

KANYABAYONGA

Sasa twende kwenye barabara yetu. Ukitoka Butembo kwenda kusini, ukipita Lubero, wafika Kanyabayonga juu ya mlima. Jina hilo limesikika sana tangu Juni 2024, askari wa M23 walipouingia mji ule na watu wengi wakakimbilia kaskazini. Lakini mji huo ulikuwa umekwisha kuingia katika historia ya sinema.

Mwaka 2008 Mholanzi mmoja, Renzo Martens, alitoa sinema iitwayo Enjoy Poverty, maana yake "Furahieni umaskini". Ilifungua tamasha kubwa la sinema za mambo ya kweli mjini Amsterdam. Martens alizunguka katika Kongo na mtambo wake, na mara kwa mara aligeuza mtambo ujitazame uso wake, wenye jasho, chini ya kofia ya majani. Hoja yake yaweza kusemwa kwa maneno machache. Nchi hii huuza dhahabu, kakao na mawese. Lakini yauza pia kitu kingine, nacho ni umaskini wake. Picha za umaskini zapelekwa nje, zaleta fedha nyingi za misaada, na wenye umaskini huo hawapati faida ya biashara yao. Katika sinema amwuliza mpiga picha mmoja Mzungu: je, picha hizi ni mali ya nani, ya waliopigwa au yako? Naye ajibu kwamba ni mali yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyezipiga.

Kisha Kanyabayonga. Hapo wako vijana wenye studio ya picha. Kazi yao ni arusi, sikukuu, na watu waliovaa vizuri. Martens awaketisha, awafanyia hesabu. Picha ya sikukuu yaleta senti. Picha ya vita, mpiga picha wa nje huuza kwa dola 50. Basi, awaambia, acheni arusi. Pigeni maiti, pigeni watoto waliokonda, pigeni wanawake walioharibiwa. Vijana wamsikiliza. Waenda naye hospitalini, wawapiga watoto wagonjwa, na yeye awafundisha namna ya kumweka mtoto ili mbavu zake zionekane. Kisha waenda kwa wakubwa wa shirika moja la madaktari kuomba ruhusa. Wakataliwa. Waambiwa kwamba wao wataka kufanya biashara kwa mateso ya watu. Wapiga picha wa nje, wao, huruhusiwa. Kazi yao ni habari. Mwisho Martens awaambia vijana wale kwamba mpango umeshindikana. Aondoka.

Ni sinema chungu. Nakiri kwamba baadhi ya wanaoilaumu hawakuielewa. Husema, "Tazama Mzungu huyu asiye na moyo!" Lakini Martens mwenyewe ataka umwone hivyo. Amejifanya kioo cha wote wanaokuja na mtambo, wakaenda zao. Ukali wake kwa vijana wa Kanyabayonga ni ukali wa biashara yenyewe, umetolewa gunia lake. Katika jambo hili ni mwaminifu kupita sinema mia za huruma, ambazo mwisho wake ni nambari ya benki. Tena amesema kweli nyingine: ile taa yake kubwa aliyowabebesha wapagazi msituni, yenye maneno "furahieni umaskini", aliiandika kwa Kiingereza, kwa kuwa watazamaji wake wako nje. Hakuficha.

Hata hivyo naona kosa, nami nitalisema waziwazi. Tuseme mwizi amekuibia mbuzi. Aja kwako asubuhi, asimama mbele ya baraza, asema kwa sauti kuu, "Ni mimi niliyemwiba. Tena nitawaonyesha zizi nililomfungia, na kamba niliyomfungia." Watu washangaa: kumbe ni mkweli! Wapiga makofi. Kisha mwizi arudi kwake, na mbuzi abaki zizini mwake. Je, wewe mwenye mbuzi umepata nini? Umepata habari. Mbuzi hukumpata.

Ndivyo ilivyo sinema ya Martens. Alionyesha kwamba picha za watoto wa Kanyabayonga ni mali inayochukuliwa na wengine, kisha akazichukua. Watoto waliowekwa vizuri ili mbavu zionekane, wameonekana kweli, Amsterdam na kwingineko, ndani ya sinema yake. Vijana wa studio walifundishwa kwamba hawatafanikiwa, na kushindwa kwao kukawa kipande kizuri kabisa cha sinema hiyo. Mkasi ulikuwa wake, shuka la kuonyeshea lilikuwa mbali, na sifa zilimrudia yeye. Kukiri hakukupunguza faida yake, kuliiongeza. Hapo ndipo sinema inayojionyesha huwa hatari: yaweza kuwa njia mpya ya kufanya jambo lile lile la zamani kwa dhamiri iliyotulia.

Tena kuna jambo la pili. Mwenye mtambo akijigeuzia mtambo kila mara, nani awa mtu mkubwa wa sinema? Yeye. Mashaka yake, aibu yake, jasho lake. Watu wa Kanyabayonga wawa mlima wa nyuma tu, ambao mbele yake Mzungu mmoja ajiuliza maswali juu ya nafsi yake. Tulilalamika kwamba haonekani. Sasa aonekana mno!

Nadhani Martens mwenyewe aliutambua upungufu huo. Baadaye alikwenda Lusanga, katika jimbo la Kwilu, palipokuwa na mashamba ya mawese ya kampuni ya Lever. Huko wafanyakazi wa mashamba waliunda chama chao cha wasanii, CATPC. Sanamu zao za udongo hutengenezwa tena kwa chokoleti na kuuzwa ng'ambo, na kwa fedha hizo wamenunua ardhi ya kulima. Mwaka 2017 jumba jeupe la maonyesho lilifunguliwa pale Lusanga, na mwaka 2024 chama kile kilisimama katika nyumba ya Uholanzi kwenye maonyesho makubwa ya Venice. Hapo mbuzi ameanza kurudishwa, nami nasifu. Lakini Lusanga si Kanyabayonga.

GOMA

Mholanzi wa pili ni Joris Postema. Mwaka 2020 alitoa sinema iliyopigwa mjini Goma, jina lake Stop Filming Us, yaani "Acheni kutupiga picha". Jina lenyewe ni sauti ya wenyeji. Postema ajiuliza mbele ya mtambo: je, mtu wa Ulaya aweza kuuonyesha mji wa Goma jinsi ulivyo? Au atauona daima kwa macho aliyotoka nayo kwao, macho ya vita na njaa? Awafuata Wakongo watatu wenye kazi ya picha: Mugabo Baritegera na Ley Uwera, wapiga picha, na Bernadette Vivuya, mwandishi wa habari na mtengenezaji wa sinema. Aongea nao, na wenzake Wakongo wa kazini wambishia.

Sinema hii ni ya upole kuliko ile ya Martens, na kwa njia moja yasema zaidi, kwa kuwa wanaoulizwa wana jibu. Goma ya Baritegera si Goma ya mashirika. Ni mji wa watu wanaopendeza na wanaojipenda. Hata hivyo mwisho wa yote ulikuwa ule ule. Wakongo walibisha, na mabishano yao yakachaguliwa, yakakatwa na kupangwa na mwingine. Kumpa mtu nafasi ya kukukemea ndani ya sinema yako ni heshima. Lakini nafasi hiyo, ni wewe uliyeipima urefu.

Habari njema ni kwamba mambo hayakuishia hapo. Bernadette Vivuya, pamoja na Kagoma Ya Twahirwa, alizichukua zile picha alizopiga Postema, wakaongeza nyingine, wakatengeneza sinema yao wenyewe. Ilitoka mwaka 2022, jina lake Stop Filming Us But Listen: "Acheni kutupiga picha, lakini sikilizeni."

Ndugu msomaji, tafakari jambo hili. Mtaa ule ule, mashaka yale yale. Kilichobadilika ni mkono ulioshika mkasi. Na mkono ulipobadilika, swali nalo lilibadilika. Katika sinema ya kwanza swali lilikuwa, "Je, mimi mgeni nawezaje kuwaonyesha?" Katika ya pili mgeni amekuwa mmoja wa wanaotazamwa, na swali limekuwa letu: sisi twajionaje, na nani alitufundisha kujiona hivyo? Neno moja lililoongezwa kwenye jina, "sikilizeni", lina uzito kuliko mashaka yote ya Mholanzi. Maana lile jina la kwanza laweza kufunga mlango tu. La pili laufungua, lakini mwenye nyumba ndiye aliyeshika kitasa.

MPISHI NA MLAJI

Najua wako watakaopinga. Watasema: sinema ni kazi ya sanaa, mikono mia haipiki chungu kimoja, ukimpa kila mtu mkasi, hakuna sinema itakayokwisha. Ni kweli. Sisemi kwamba kila mama aliyepigwa picha akae miezi sita mbele ya kompyuta. Mpishi na awe mmoja. Lakini mlaji ndiye ajuaye kama chumvi imezidi. Rouch alibaki mpishi pale Ayorou, wala hakuna aliyemnyang'anya sinema yake. Alionjesha tu, akasikia, akapunguza. Asiyetaka hata kuonjesha, huyo hana haja ya kutuambia kwamba ajiuliza sana juu ya upishi wake.

UKUTA WA PLASTIKI

Nirudi nyumbani nimalize. Wakati wa Ebola watu wengi wa huku waliogopa vituo vya matibabu kuliko ugonjwa wenyewe. Walimwona ndugu yao aingia nyuma ya ua, kisha wakaambiwa amekufa, na mwili wake ukatolewa katika mfuko. Yaliyotendeka katikati hawakuyaona, basi wakayatunga. Ndipo mwaka huo wa 2018, mjini Beni, shirika la ALIMA lilipoleta vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, viitwavyo CUBE. Ndugu waliweza kusimama nje, wakamwona mgonjwa wao, wakasema naye, wakawaona wauguzi wakimhudumia. Ukuta ulipopenyeka kwa macho, mahali pa uvumi palipungua.

Sinema inayojionyesha ni kama ukuta ule. Yatuwezesha kuona ndani, palipokuwa pamefichwa. Hilo ni jema, na asilidharau mtu. Lakini ukuta haukumponya mgonjwa. Kilichoponya ni dawa. Mwaka 2019, baada ya majaribio yaliyofanywa Beni, Butembo, Katwa na hapa Mangina, zilitambulikana dawa mbili zilizowaokoa wagonjwa zaidi ya nyingine. Ukuta angavu bila dawa ungekuwa dirisha la kumtazamia mtu akifa. Vivyo hivyo sinema inayoonyesha mtambo wake bila kuuachia mkasi: ni dirisha safi la kutazamia jambo lile lile likitendeka.

Basi gari litakapokuja tena, maana litakuja, tusiwapige mawe wageni, wala tusikimbilie kukaa mlangoni kama tuambiwavyo. Na tuulize mambo matatu, kwa adabu. La kwanza: sinema hii itaonyeshwa wapi, nasi tutaionaje? La pili: tukiiona, tukasema "hapa si kweli", mtapaondoa? La tatu: ni nani wa huku ambaye mtamfundisha kazi hii, ili safari ijayo aifanye yeye? Mwenye kujibu maswali hayo, na aonekane kwenye picha au asionekane, ni shauri lake. Asiyeweza kuyajibu, hata akijionyesha toka mwanzo hadi mwisho, bado amejificha.

Nanyi vijana wa Mangina, wa Beni na wa Butembo mlio na simu zenye kupiga picha, msidhani maswali haya ni ya Wazungu tu. Mama yule wa kakao yuko bado uani pake. Nanyi mkimpiga picha juma hili, mkaituma duniani kwa kugusa kidole, bila kumwuliza wala kumwonyesha, yeye hataona tofauti kubwa kati yenu na lile gari. Jioni tundikeni shuka ukutani. Mwiteni aketi mbele. Kisha nyamazeni, msikie atakachosema juu ya muziki.